Uniti, si mikrogramu: mwongozo kamili wa kufanya kazi na interferoni rikombinanti maabara

Ukinunua umeme wa LUKU wa shilingi elfu kumi, taa haiwashwi na hiyo elfu kumi. Inawashwa na uniti zilizoingia kwenye mita. Interferoni, protini ambayo seli hutoa ili kujikinga na virusi, nayo ndivyo ilivyo. Kichupa kimeandikwa mikrogramu 20, lakini seli hazipimi uzito. Zinahisi nguvu ya protini iliyo hai, na nguvu hiyo huhesabiwa kwa uniti. Protini iliyokufa ina uzito uleule wa protini iliyo hai, na mzani hautakuambia ni ipi.

Nilijifunza hili kwa hasara. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili nilizimua kichupa kizima kwa bafa tupu, nikakiweka kwenye jokofu la nyuzi 4, tena kwenye rafu ya mlangoni, nikawa nakichota kila wiki kama maziwa ya chai. Wiki ya kwanza seli zangu zililindwa vizuri. Wiki ya nne zilikufa zote, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba virusi vimepata usugu! Msimamizi wangu alisoma, akacheka, kisha akaniuliza kichupa kiko wapi.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: mwanafunzi, fundi maabara, au mtafiti aliyezoea mambo mengine na sasa anataka kupima jinsi interferoni inavyozikinga seli dhidi ya virusi. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni interferoni alfa 2 ya binadamu juu ya seli za mapafu za A549.

Ni ipi ya kuagiza

Jina interferoni lilitoka London mwaka 1957, pale Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoona kwamba utando wa yai la kuku ukikutanishwa na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, hutoa kitu kinachozuia virusi vingine visikue. Kwa zaidi ya miaka 20 baadaye kitu hicho kilipatikana kwa tabu sana. Nchini Finland, Kari Cantell alikikamua kutoka kwenye chembe nyeupe za damu ya wachangiaji, na alichopata kilikuwa na protini nyingine nyingi kuliko interferoni yenyewe. Mambo yaligeuka mwaka 1980, kundi la Charles Weissmann kule Zurich lilipoifanya bakteria E. coli itengeneze interferoni alfa ya binadamu. Neno rikombinanti maana yake ni hiyo: jeni ya binadamu imepandikizwa ndani ya kiumbe kingine, nacho kikageuzwa kiwanda.

Leo ukifungua katalogi utakutana na majina mengi hadi kichwa kiume. Yapange kwa vipokezi, na ukungu utaondoka. Kundi la kwanza lina alfa (binadamu ana protini 12 tofauti za alfa), beta, na ndugu zao wachache. Zote hugonga mlango mmoja, kipokezi cha IFNAR. Kundi la pili ni gama peke yake, yenye kipokezi chake, na kazi yake kubwa ni kuamsha makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) na kuratibu kinga. Haimo kwenye familia ya alfa japo jina linawaunganisha. Kundi la tatu ni lamda, lililoelezwa mwaka 2003. Kipokezi chake kiko zaidi kwenye seli za tabaka la juu, yaani njia ya hewa na utumbo. Ukiimimina lamda kwenye faibroblasti, seli za tishu unganishi, usipoona kitu, usiilaumu protini.

Kwa anayeanza nashauri alfa 2. Ni rahisi, ni imara, na imechunguzwa kuliko zote. Utaona 2a na 2b. Tofauti yao ni asidi amino moja tu, nafasi ya 23, na kwa jaribio la kawaida usipoteze usingizi kuchagua. Chagua moja ubaki nayo. Beta hushika kipokezi kwa nguvu zaidi, lakini ina tabia ya kunata kwenye plastiki na kugandana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo iache mpaka mkono wako uzoee. Tena beta ya mwilini hubeba sukari kwenye mnyororo wake. Iliyotengenezwa na E. coli haina sukari hiyo, na nguvu yake kwa miligramu huwa chini sana kuliko ile inayotengenezwa kwenye seli za mamalia. Kabla ya kulinganisha matokeo yako na ya mwenzako, ulizeni kwanza zenu zilitoka kiwanda cha aina gani.

Kisha kuna suala la spishi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Gama ya binadamu haifanyi kazi kwenye seli za panya, wala ya panya haifanyi kazi kwa binadamu. Alfa 2 ya binadamu ni dhaifu mno kwa panya. Lakini alfa ya binadamu hufanya kazi vizuri kwenye seli za figo za ng'ombe, habari njema kwa wanaochunguza Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza kwenye shamba la kondoo karibu na Naivasha miaka ya 1930 na 1931. Virusi vyake vina protini iitwayo NSs inayozima uwezo wa seli kutengeneza interferoni. Ndiyo maana kuipa seli interferoni ya kununua kabla ya maambukizi kunaeleza mengi: unairudishia seli kile ambacho virusi vingeizuia kukitengeneza. (Virusi vyenyewe ni vya maabara ya usalama wa ngazi ya juu. Usivichezee kwenye benchi la kawaida.) Mfano mwingine wa nyumbani ni Zika, iliyopatikana Uganda mwaka 1947 katika msitu wa Ziika karibu na Entebbe. Protini yake ya NS5 huivunja STAT2 ya binadamu, protini inayobeba ujumbe wa interferoni ndani ya seli, lakini haiwezi kuivunja STAT2 ya panya. Panya wa kawaida kwa hiyo haugui ipasavyo, na watafiti hulazimika kutumia panya walioondolewa kipokezi cha interferoni.

Kuagiza na kupokea

Agiza unga mkavu, si myeyuko uliogandishwa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu sisi si jirani wa kiwanda. Mzigo utalala uwanja wa ndege, utasubiri karatasi, barafu kavu itaisha. Unga uliokaushwa kwa baridi huvumilia siku chache za safari. Myeyuko ukiyeyuka njiani na kuganda tena, umepokea chupa ya mashaka. Shughulikia kibali cha kuingiza kabla ya kulipa, si baada ya simu ya wakala wa forodha.

Kwenye cheti cha uchambuzi tafuta mambo matatu. La kwanza ni nguvu mahususi, yaani uniti za kimataifa kwa miligramu, nayo iwe imepimwa kwa toleo hilohilo ulilotumiwa. Kwa alfa 2 nzuri tarajia karibu milioni 200 kwa miligramu; kwa gama karibu milioni 20. La pili ni endotoksini, sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria kama E. coli: isizidi EU 1 (uniti ya endotoksini) kwa mikrogramu, na ukipata chini ya 0.1 ni bora zaidi. La tatu ni kama ndani mna protini ya kubebea, kwa kawaida albumini. Andika namba ya toleo daftarini siku hiyohiyo. Na kama lebo inasema ni kwa utafiti tu, haimo katika mwili wa mtu, hata kama ndugu anaumwa na umemwonea huruma.

Kufungua kichupa

Usikifungue kikiwa cha baridi. Kiache kifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka maji ndani. Kizungushe kwenye sentrifyuji kwa sekunde 30 hadi dakika moja, kwa sababu unga mara nyingi umekwama kwenye kifuniko, na mikrogramu 20 hutaziona kwa macho. Nimewahi kuona mtu akirudisha mzigo akidai kichupa ni kitupu.

Yeyusha kwa kimiminika kilichotajwa kwenye karatasi ya bidhaa, mara nyingi maji safi yasiyo na vijidudu. Kwa mikrogramu 20 weka mikrolita 200, upate mikrogramu 100 kwa mililita. Usiende chini ya hapo katika hatua hii: protini ikiwa haba, sehemu kubwa itanata kwenye ukuta wa mrija. Pitisha maji taratibu ukutani, acha dakika 10, geuza kichupa polepole. Usikitikise wala kukiweka kwenye mashine ya kutetemesha. Povu huharibu protini.

Kama hakikuwa na protini ya kubebea, sasa ndio wakati wa kuongeza albumini ifike asilimia 0.1. Kisha gawa: mikrolita 10 kwa kila mrija mdogo, wa aina isiyonatisha protini kama unayo. Kila mrija uandikwe jina, toleo, uniti na tarehe, kwa wino usiofutwa na spiriti. Peleka nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila mgao hutumika mara moja. Ukiyeyusha, kinachobaki kinatupwa, hata roho ikiuma.

Na mgao wa umeme je? Friza iliyojaa ikiwa imefungwa hukaa na baridi kwa saa nyingi. Friza tupu hupanda joto haraka, kwa hiyo jaza nafasi kwa chupa za maji. Weka nusu ya migao yako kwenye friza ya pili, ikiwezekana jengo jingine.

Hesabu

Hapa ndipo unapobadili uzito kuwa nguvu. Milioni 200 kwa miligramu ni uniti 200,000 kwa mikrogramu, au 200 kwa nanogramu. Kichupa chetu cha mikrogramu 20 kina uniti milioni 4. Tumekiyeyusha kwa mikrolita 200, basi kila mgao wa mikrolita 10 una uniti 200,000.

Siku ya jaribio chukua mgao mmoja, uongeze mikrolita 990 za chakula cha seli chenye seramu: umepata uniti 200,000 kwa mililita. Chota mikrolita 10 za huu, weka kwenye mikrolita 1,990: sasa una uniti 1,000 kwa mililita, na hiki ndicho kilele chako. Kutoka hapo zimua mara nne nne, mikrolita 500 ndani ya 1,500, ukibadilisha ncha ya pipeti kila hatua. Utapata 1,000, 250, 62.5, 15.6, 3.9, 0.98 na 0.24. Usiache hatua ya kubadilisha ncha. Ncha moja ikitumika mwanzo hadi mwisho hubeba interferoni ya juu kwenda chini, na mchoro wako utaonyesha dawa yenye miujiza.

Kosa jingine la kila siku: kisima tayari kina mikrolita 100 za chakula, unaongeza 100 za interferoni, halafu unaandika dozi uliyoandaa. Umeipunguza nusu. Ama ondoa chakula cha zamani, ama andaa kila dozi mara mbili.

Jaribio lenyewe

Jioni ya kwanza panda seli 20,000 za A549 kwa kila kisima kwenye sahani ya visima 96. Kesho yake ziwe zimeshikana vizuri lakini hazijabanana. Ondoa chakula, weka dozi zako, kila dozi visima vitatu au zaidi. Acha visima sita vya seli tupu zisizopata chochote, na sita vitakavyopata virusi bila interferoni. Bila hivyo huna mizani. Rudisha kwenye inkubeta kwa saa 18 hadi 24.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Interferoni haigusi kirusi. Inaiambia seli ijiandae. Ndani ya dakika 15 hadi 30 STAT1, ndugu wa STAT2, imeshapigwa muhuri wa fosfati. Saa chache baadaye jeni kama MX1, IFIT1 na ISG15 zinaandikwa kwa wingi. Na protini zake hufikia kiwango cha kulinda seli kesho yake. Ukiweka interferoni na virusi kwa pamoja unapima mbio za nani atatangulia. Hilo ni swali halali, ila ni swali jingine.

Virusi gani? Vitabu vingi vitakuambia VSV, virusi vya malengelenge ya mdomo wa mifugo. Kwa maabara ya Afrika Mashariki nashauri EMCV, virusi vinavyoshambulia ubongo na moyo wa wanyama. VSV huleta ugonjwa wa mifugo wa mabara ya Amerika, na mamlaka ya mifugo ina haki ya kukuuliza unauleta wa nini. EMCV iko duniani kote kwenye panya na nguruwe, nayo huua A549 vizuri. Yote mawili hufanyiwa kazi ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia, kwenye maabara ya ngazi ya pili. Wiki moja kabla, pima virusi vyako peke yake ili ujue kiasi kinachoua visima visivyo na interferoni kwa takribani saa 24. Virusi vikizidi, hata kinga nzuri itashindwa. Vikipungua, kila kisima kitaonekana kimepona.

Ondoa dozi, weka virusi kwenye chakula chenye seramu asilimia 2, subiri. Visima vya virusi pekee vikishakufa, ua virusi kwa fomalini asilimia 4, suuza, kisha paka rangi ya kristali vayoleti. Seli hai zilizoshika chini hubaki zambarau, zilizokufa zimeshaoshwa. Yeyusha rangi kwa methanoli, soma kwenye mashine kwenye nanomita 570 au jirani yake. Uchafu wenye virusi hai uende kwenye klorini, ile tunayoiita jiki. EMCV haina ganda la mafuta, kwa hiyo spiriti uliyozoea kupulizia mezani haitoshi.

Chukua wastani wa seli tupu na wastani wa virusi pekee, tafuta katikati yake. Dozi inayofikisha rangi hapo katikati ndiyo inayolinda nusu ya seli. Kwa alfa 2 nzuri juu ya A549 itaangukia kwenye uniti chache kwa mililita. Ukipata 200, kuna kitu kimekufa, na yaelekea si virusi vilivyopata usugu.

Weka pia kwenye kila sahani sampuli ya kiwango cha kulinganisha, iliyopimwa dhidi ya kiwango cha kimataifa cha WHO. Uniti ya kweli hutoka hapo. Bila hivyo, uniti zako na zangu ni kama kibaba cha Kariakoo na cha Kongowea.

Kama huna ruhusa ya virusi

Unaweza kufanya kazi ya heshima kabisa bila kirusi hata kimoja. Zipe seli dozi zilezile kwa saa 6, toa RNA, pima MX1 na IFIT1 kwa PCR ya kiasi. Au simamisha dakika 30 na upime STAT1 yenye fosfati kwa kingamwili. Njia hizi ni za haraka na salama. Zinakuambia seli imesikia, lakini hazikuambii kama imelindwa.

Visima vya kukushtaki

Hivi ndivyo visima ninavyovipenda kuliko vyote, kwa sababu kazi yake ni kunipinga. Interferoni iliyotoka E. coli inaweza kubeba endotoksini, na seli za damu zikikutana na endotoksini hutengeneza interferoni yao wenyewe. Utasifia protini uliyonunua kumbe seli zimejihudumia. Chemsha mgao mmoja dakika 10, uutumie kama dozi ya kawaida: protini hufa kwa kuchemshwa, endotoksini huvumilia. Kisima hicho kikionyesha kinga, una tatizo. Kingine kipate kingamwili inayoziba IFNAR2, sehemu ya kipokezi cha IFNAR, au ruksolitinibu, dawa inayozima JAK, vimeng'enya vinavyoipiga STAT1 muhuri. Kinga ikibaki palepale, haikutoka kwa interferoni. Kingine kipate kimiminika cha kuyeyushia peke yake.

Ukiona ninazidisha, kumbuka Kemron. Mwaka 1990 Nairobi ilitangaziwa kwamba interferoni alfa ya asili, dozi ndogo mno ya mdomoni, inawasaidia wenye UKIMWI. Matumaini yalipanda hadi Marekani. Majaribio ya baadaye yaliyolinganisha na dawa bandia hayakuona faida hiyo. Mimi sioni haja ya kuwacheka watu wa wakati ule, watu walikuwa wanakufa. Lakini kila ninapoona mwanafunzi ameacha visima vya ulinganisho ili aokoe nafasi ya dozi mbili zaidi, jina hilo hunijia.

Ukishaimudu

Sahani hiyohiyo inaweza kujibu swali la hospitali. Mwaka 2020 kundi la watafiti wakiwemo wa Jean-Laurent Casanova liliripoti kwamba kati ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa UVIKO-19, 101 walikuwa na kingamwili za kuzima interferoni zao wenyewe za kundi la kwanza. Kanuni ya kuzitafuta ni rahisi: changanya plazima ya mgonjwa na interferoni ya kiasi unachojua kinalinda, subiri, kisha mimina kwenye seli na uweke virusi. Seli zikifa, kuna kitu kwenye plazima kimeizuia. Tumia dozi ya chini, mara chache tu ya ile inayolinda nusu ya seli. Ukiweka uniti 1,000, kingamwili dhaifu itazidiwa nawe hutaiona.

Kila miezi mitatu toa mgao mmoja kwenye friza, rudia mchoro wote kwa kuulinganisha na ule wa siku ya kwanza. Dozi ya nusu ikisogea mara mbili, bado unaweza kulaumu mkono. Ikisogea mara nne, rudia siku ya pili kwa mgao wa friza nyingine. Huo nao ukionyesha dozi imesogea vilevile, tupa toleo zima, na uandike tarehe.